Kutia Bildi

Maji yasiyo chumvi huitwa maji baridi.
Ya Ziwa Superior yanalistahili jina mara mbili:
tia mkono mwezi Juni,
utatoa mkono wa mtu mwingine.

Tulikuwa tunatafuta gati, mimi na Reino,
la chombo chetu Kuikka, jina la ndege mpiga mbizi:
futi arobaini na sita,
tani ishirini na tatu kikiwa na mafuta na vyungu vyangu.
Mkuku wake unadai futi saba za maji
wala haupokei pungufu.

Jumanne, bandari ya taa nyingi.
Maji moto bafuni, mkahawa, bendera kumi na mbili.
Kijana wa shati jeupe akasema,
"Futi tisa, mama, mwaka mzima."
Reino alikwisha kupapenda, anasoma bei ya samaki.
Nikatoa bildi yangu, risasi na kamba,
fundo kwa kila futi, fundo jekundu kwenye saba.
Nikaishusha mbele ya kijana, taratibu,
hadi risasi ikalala kwenye tope.
Fundo jekundu halikulowa.
Akasema ziwa limeshuka mwaka huu.
Ziwa hushuka. Karatasi yake ndiyo haishuki.

Jumatano, kina cha kuzamisha kanisa.
Lakini mbao za gati upande wa kaskazini-mashariki zilikuwa mpya,
zinanukia msonobari,
na za pande nyingine zote za kijivu.
Sikuuliza kitu. Ubao mpya una kinywa.

Alhamisi tulikwenda kuitazama winchi,
ile ya kutoa vyombo majini Oktoba, kabla ya barafu.
Kibao chake: tani ishirini.
Fundi akakuna kidevu. "Labda itabeba."
Neno labda halijawahi kubeba hata ndoo.

Usiku, hotelini, Reino alihesabu vidonge kiganjani,
akarudia kuhesabu,
akidhani nimelala.

Ijumaa, mvua. Bandari ndogo nyuma ya kisiwa,
mlango wa choo umefungwa kwa waya,
mbwa mwenye jicho moja, pipa la vichwa vya samaki.
"Hapa?" akasema Reino, akabaki garini.

Mwenye bandari, Marlys Skoglund, buti za mpira hadi magotini,
hakuuliza urefu, hakuuliza bima.
Alinipa daftari la vina alivyovipima mwenyewe,
kwa penseli, kila Jumatatu tangu barafu ivunjike,
vingine vimefutwa na kuandikwa upya.
Kisha akalitazama gari, vioo vimejaa mvuke,
akauliza kama mtu anayeuliza saa:
"Kati yenu, nani atakayekuwa anakifunga peke yake?"

Mvua ikajibu kwa muda.

Nikasema, mimi.
Sikuwa nimelitamka hilo hata jikoni kwangu.

"Basi usichukue nafasi ya ishirini na mbili,
ile ina mandhari tu.
Chukua ya tisa. Upepo wa magharibi ukivuma
chombo kinasukumwa gatini chenyewe.
Wewe unashuka na kamba moja, ya katikati.
Nyingine zitangoja."

Niliishusha bildi hata hivyo. Si kwamba simwamini.
Fundo jekundu likazama, la nane likazama,
la tisa, la kumi,
na risasi bado inaomba kamba.

Reino akaja mwishowe, kofia inachuruzika,
akaiinamia fomu mezani,
akafika pale palipoandikwa Nahodha.
Akapapasa mifuko yake yote akitafuta kalamu.
Ilikuwa sikioni mwake. Mimi naiona,
naye anajua kuwa naiona.
Akasema hana kalamu,
jaza wewe.