Saa Tisa

Mwalimu Jepkosgei hakunikaripia.
Alifungua daftari la Namalwa, akaligeuza lielekee kwangu,
akaweka kidole pale sentensi ilipokatikia:
Mto Njoro unatoka katika msitu wa Ma
halafu penseli ikateleza,
mstari mmoja mwembamba ukishuka, ukishuka,
hadi ukaanguka nje ya ukurasa.

"Hapo ndipo alipolala," akasema.
"Mtoto wa umri wake anahitaji saa tisa.
Kumi, zikipatikana."

Saa tisa!
Mimi bawabu wa kinu cha unga, miaka kumi na mmoja langoni,
saa tisa naijua kama jirani mbaya.
Ni pale baridi inaposhuka kutoka Menengai
ikapenya koti, soksi mbili, na gazeti nililolikunja kifuani,
mbwa wenyewe wakajikunyata,
rungu likawa zito kuliko mwenye kulibeba.
Sikujua kwamba saa tisa pia ni chakula,
kwamba hupimwa, hupakuliwa,
na kwamba binti yangu alikuwa akienda shule na njaa yake.

Nikaanza kutafuta mwizi. Ndiyo kazi yangu.
Kwanza nikaishuku runinga:
chumba chetu cha Kaptembwo ni kimoja,
na pazia halizuii vicheko vya tamthilia.
Nelima akakubali kuizima saa mbili, akanuna siku tatu.
Nikaishuku chai ya rangi ya usiku; tukampa uji.
Nikaishuku baa ya pale kona. Hiyo sikuiweza,
nilihamisha kitanda tu, kikaegemea ukuta wa pili.
Bado macho yake yaliamka mekundu kama yangu.

Ndipo Nelima, akikung'uta unga kwenye sare yangu,
akasema bila kuniangalia:
"Anangoja simu yako."

Simu yangu.
Kila usiku saa nne na nusu, lori la mwisho likishatoka,
nilipiga ili nisikie sauti moja isiyozungumzia risiti.
Nikamuuliza amekula nini, akanisimulia habari za paka.
Dakika sita. Niliziita upendo, na zilikuwa upendo,
ila yeye alizilipia kwa kukesha,
simu ya mamake chini ya blanketi, mwanga wake usoni.

Alalaye usimwamshe, walisema waliotutangulia,
ukimwamsha utalala wewe.
Mimi nalipwa nisilale,
nikamfundisha mwanangu kazi yangu.

Siku hizi tunaongea saa kumi na moja jioni,
akinisindikiza hadi kwenye bomba la maji.
Paka amezaa watatu. Mmoja ana doa jichoni.
Saa mbili taa inazimwa,
hata Jumamosi, ingawa Jumamosi ni vita
na mara nyingine mimi na mamake hushindwa.

Saa nne na nusu bado inaniuma, sitadanganya.
Kidole gumba hufika kwenye jina lake,
kikasimama,
simu ikarudi mfukoni.

Na ile jirani mbaya inaponikuta kati ya maghala,
nahesabu kwa vidole ndani ya glavu:
keshalala saba, zimebaki mbili.
Basi nazunguka magunia kwa ncha za viatu,
kana kwamba yupo hapa, upande wa pili wa pazia.