Vijisanduku Sita

Miezi kumi na moja iliniuliza: sasa au baadaye?
Miezi kumi na moja nikajibu baadaye,
kama mdaiwa anayejua mlango wa nyuma wa duka.
Jumanne usiku nikaegemea meza kupokea simu,
kiwiko changu kikasema ndiyo.

Asubuhi Yambol ilikuwa na theluji hadi vizingitini
na kompyuta yangu ilikuwa na uso mpya,
laini, wa samawati, uso wa mtu aliyetoka safari
akajifanya amesahau majina ya jirani zake.
Printa je? *Kifaa hakitambuliwi.*
Miaka kumi na minane wamelala chumba kimoja.
Hakitambuliwi!

Mimi huchapa matangazo ya vifo.
Kwetu marehemu hubandikwa: mlangoni pake,
kwenye nguzo ya umeme, kituo cha basi,
picha, jina, miaka, msalaba mdogo pembeni;
tena siku ya arobaini, tena miezi sita, tena mwaka,
mpaka mvua na gundi vichokane.
Saa nne angekuja Gancho Peykov
kuchukua ya mkewe, ya arobaini.

Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa waya, nikaupuliza kama uji wa mtoto, nikauchomeka.
Nikafuta kiendeshi, nikatafuta kiendeshi,
nikapata kimoja cha Kikorea na kingine cha bei ya mbuzi.
Nikampigia Lachezar, mtoto wa kaka yangu, aliye Rotterdam.
"Shangazi, umejaribu kuzima na kuwasha?"
Nimejaribu hata kusali.
"Basi nenda kwenye vifaa. Shika kipanya. Bonyeza cha kulia."
Kulia ndiko kulikobaki, nikamwambia.

Saa tatu na nusu printa ikakohoa.
Velika akatoka na kitambaa chake cha sufi,
miaka yake sawa, msalaba sawa,
na mahali pa jina:

□□□□□□

Fonti ile aliichora baba,
kutoka herufi za risasi alizozipanga ujana wake wote.
Toleo jipya liliitupa kando bila kuniambia,
kama mkwe anayehamisha masufuria siku ya kwanza.

Gancho akaingia na theluji kofiani.
Kabla sijaificha karatasi, alikuwa ameishika,
akihesabu kwa kidole kisicho na glovu.
"Sita," akasema. "Velika. Zimetimia."

Lachezar bado alikuwa simuni:
"Unaweza kurejesha toleo la zamani, Shangazi.
Mashine inakupa siku kumi."
"Kumi tu?" akauliza Gancho, ambaye hakuulizwa.
"Kumi. Zikipita, inafuta."
Gancho akavua kofia, akakalia boksi la karatasi.
"Sisi angalau hupewa arobaini."

Asilimia tatu.
Asilimia tatu.
Asilimia tatu. Nikachemsha kahawa.
Akanisimulia jinsi Velika alivyokataa simu mpya,
akaifunga ile iliyopasuka
kwa mpira wa mtungi wa pilipili,
na jinsi ilivyonuka siki kila alipoiweka sikioni.
Asilimia arobaini na moja.
Tukanyamaza tukitazama kiduara kikizunguka,
kinazunguka hakifiki.

Saa saba mchana uso wa zamani ukarudi,
na lile paka langu lililokufa likikodoa macho kwenye skrini,
na alama zote zimerundikana kushoto kama nilivyoziacha.
Nikachapa. Jina likatoka zima,
pamoja na ile *k* yenye mguu uliochomoza
ambayo baba hakukubali kuifupisha.

Nakala ishirini. Gancho akazifunga kwenye gazeti.
"Na ile?"
Ile imeharibika, nikasema.
"Hizi ni za barabarani, wasome watu," akasema.
"Ile ni ya jikoni."
Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya koti.

Kwenye risiti niliandika ishirini.