Tarumbeta ya Pili

Okwalinga ameviweka sambamba mezani,
ghorofani, Barabara Kuu, Jinja,
juu ya duka la vitenge ambalo ngazi zake zinanukia pamba mpya.
Cha kushoto ni cha transista: cheusi, kizito kama jiwe la kusagia,
hakina hata taa ya kusema kimeamka.
Cha kulia kina valvu nne, zinawaka taratibu,
rangi ya chai ya tangawizi.

Bei ya cha kushoto sitaitaja kwa sauti.
Niseme tu kwamba Bugembe kuna kiwanja, futi hamsini kwa mia,
na mwenye nacho alikuwa tayari kupunguza.

"Sindano," anasema Okwalinga, "haina sauti. Ina mnong'ono.
Kinachotoka pale ni kidogo kuliko jasho la sisimizi.
Na mchongaji wa santuri, ili mifereji isigongane,
alipunguza besi, akazinyanyua zile sauti nyembamba.
Kazi ya kisanduku ni kurudisha kila kitu mahali pake.
Kurudisha, dada. Si kutia chumvi."

Nimekuja na santuri moja,
nimeifunga kwa kanga isije ikapigwa na jua.
Bendi ya jeshi. Lebo imefutika,
imebaki namba, na doa la mafuta ya taa.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, kuna tarumbeta
ambayo kwetu, kwenye kota za kambini,
hatukuwahi kuiita jina lingine ila Baba.
Sajini Adriko. Ilipofika, wageni walinyamazishwa.
Kazi yangu ilikuwa kushika mlango usijipige.

Tunaanza na valvu.
Chini kabisa kuna mngurumo, mwembamba, haukatiki.
"Huo ni umeme wa bwawa," Okwalinga anacheka,
"unaisikia Nailo ikizungusha mashine."
Kisha Baba anaingia, mnene, mwekundu, peke yake,
kama alivyoingia kila Jumapili.
Namwambia fundi: nifungie, nalipa.
"Subiri. Mtu hanunui viatu kwa kujaribu mguu mmoja."

Transista.
Kwanza hakuna kitu. Kimya ambacho Jinja sijawahi kukipata,
nadhani umeme umekatika.
Halafu ngoma, na ngozi ya ngoma, na chumba walichokuwamo,
kiti kinasogezwa, mtu anapaliwa.
Halafu tarumbeta.
Halafu, nyuma yake, upande wa mlangoni,
tarumbeta nyingine.

Nasema, rudia. Anarudia.
Wa mbele anapanda kama mtu mwenye ngazi yake mwenyewe.
Wa nyuma anamfuata, amechelewa nusu pumzi,
anaigusa noti ya juu, anaiachia,
kana kwamba ameikuta imeshakaliwa.
Mara nne. Okwalinga anajifanya anatafuta bisibisi.

Nampigia mama, Arua. Ana miaka themanini na mmoja,
sikio la kulia tu ndilo linalofanya kazi.
Simwambii kitu. Naisogeza simu kwenye spika,
fundi anaanzia pale kiti kinaposogezwa.
Mama anasikiliza mpaka sindano inaingia
kwenye ule mfereji wa mwisho usio na wimbo.

"Huyo wa nyuma," anasema. "Anayechelewa.
Alichelewa hata siku ya mahari, wajomba wakamla mbuzi bila yeye.
Nani alikuambia ni wa mbele?"

Yeye mwenyewe, mama.

"Eh." Nasikia anahamisha simu, anairudisha.
"Gramafoni yenyewe haikujua tofauti.
Mimi ningesema nini?"

Valvu zimezimwa, zinachukua muda kupoa.
Okwalinga anauliza anifungie kipi.
Nakionyesha cha kushoto.
Kisha namwomba airudie, mara moja tu,
na nakwenda kushika mlango.