Chujio

Usiku wa kwanza nilidhani wanacheza.
Jike alimpitia ubavuni, na dume akatetemeka
mwili mzima, kama ngozi ya ngoma iliyoguswa na kidole.
Nikamwita Ngalula: njoo uone, wanapendana.
Tukazima taa, tukalala.

Asubuhi pezi la mkia lilikuwa utambaa.

Mgiriki aliniachia sanduku hili la kioo
pamoja na pampu mbili na mifuko tisa ya chumvi.
Alinionyesha kila kitu kwa haraka, teksi ikipiga honi:
chumvi hivi, joto hivi, chakula punje kumi.
Kuhusu hawa wawili wa rangi ya chungwa
alisema neno moja tu: ndoa.
Miaka kumi na saba nilimwendeshea gari,
na sikumwona akicheka ila siku ile.

Mimi bahari sijaiona.
Naikoroga jikoni kwa mwiko wa bukari,
bahari ya Kamalondo, ndoo kwa ndoo,
na Ngalula huniuliza kama leo tutaila na sombe.
Maji ya bomba siyatumii. Bomba letu ni la shaba,
na shaba iliyotulipia karo,
iliyomkaa baba kifuani hadi wakamzika nayo,
haitaki anemoni aishi.
Muuza dawa alinipa kichupa cha buluu, dawa ya vidonda.
Nikasoma karatasi: shaba.
Nikacheka pale dukani mpaka watu wakageuka.
Dirishani kwake ulionekana ule mlima mweusi
wa mavi ya tanuri, na dohani isiyotoa moshi.

Siku ya nne jicho la kushoto likavimba.
Jike ni mkubwa mara mbili. Hamfukuzi mbali,
anamfukuza mpaka kona ya pampu, anamng'ata,
anarudi kwenye anemoni kujilaza
kama mtu aliyemaliza kufua.

Jioni hiyo mdogo wangu Kalenga alikuja na mfuko wa nguo,
shavu limechanika mistari mitatu.
Nimeanguka, alisema, kwenye waya wa seng'enge.
Hakuna aliyeuliza seng'enge ya wapi.
Ni fundi wa kuchomelea, mikono kama nyundo;
angesema vingine, nani angemwamini?
Akakaa mbele ya kioo, sahani mapajani,
bukari ikapoa.
Kwa nini hakimbii? akauliza.
Akimbilie wapi, nikamjibu. Ni kioo pande nne.
Nikajuta kabla sijafunga mdomo.

Tulimtenga usiku uleule.
Ngalula alitoa chujio lake la plastiki, la kijani,
tukalining'iniza majini kwa kamba ya viatu,
dume ndani, matundu pande zote.
Kalenga akashika tochi. Mkono wake haukutulia.

Nilikuwa nimeambiwa na Mgiriki, kwa simu ya mbali,
kwamba jike akifa dume hunenepa,
hushika nafasi yake, hugeuka jike,
kisha humng'ata mdogo atakayeletwa.
Nilitaka kumsimulia Kalenga.
Nikamwongezea chai.

Usiku wa tatu umeme ulikatika.
Niliamka kuteka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu,
teka, mwaga, teka, mwaga, wapate hewa,
na kwenye mwanga wa tochi nikaona
jike ameliacha anemoni lake,
amelala ubavu kwa ubavu na chujio,
mdomo kwenye tundu.
Upande wa pili, dume, karibu vilevile.
Nyuma yangu kochi liliguna. Kalenga alikuwa macho.
Hakusema kitu, nami sikugeuka.

Jumapili aliondoka na mfuko wake.
Hakusema anaelekea upande gani,
na Ngalula alisimama mlangoni muda mrefu
akikausha sufuria iliyokwisha kukauka.

Pezi limeanza kuota.
Halina rangi bado, ni kama nailoni ya mkate,
ukilitazama unaona mawe nyuma yake.
Ngalula anataka chujio lake.
Nimemwambia nitafungua kesho.
Jana pia nilimwambia kesho.