Tundu la Pili

Dakika nne. Nimezihesabu.
Inawaka vizuri, inakohoa moshi wa buluu,
inanguruma kama mtu anayedai haki yake,
tunatoka gatini, tunalipita boya la kijani,
halafu sauti inafifia,
kama msimulizi aliyekumbuka ghafla kuwa hakualikwa.
Kimya.
Ghuba nzima ya Erie inatutazama tukipiga kasia.

Niliinunua kwa Bi Dolores Pruzinsky, Barabara ya Ishirini na Sita,
dola elfu moja na mia nane,
pesa za zamu za usiku kiwandani
ninakotengeneza vifuniko vya chupa, elfu kumi kwa saa.
"Ray aliipenda," alisema, akafuta kiti kwa kiganja.
Misimu mitatu ilikuwa imelala gereji chini ya turubai.
Sikuuliza zaidi.
Mjane hahojiwi habari za injini.

Kazini walinicheka: Byamungu kauziwa mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe linavuja.

Kufikia Jumamosi ya tatu nilishabadili plagi,
na chujio, na pampu ya petroli ambayo
bei yake sikumwambia mtu.
Muuza vipuri ananisalimu kwa jina sasa.
Kabureta niliifungua juu ya meza ya chakula,
juu ya gazeti la juzi. Shaba yake iling'aa
hata nikaionea haya mikono yangu.
Skrubu moja ikaviringika, ikaingia chini ya friji.
Ansima akaitoa kwa mpini wa ufagio, akanikabidhi,
hakusema neno.
Kunyamaza kwake kuna uzito wa spana namba kumi na saba.

Jumapili tukatoka tena. Boya la kijani. Kimya.
"Fungua tangi," akasema, "tuone kama hata mafuta yamo."
Nikazungusha kifuniko, na tangi
likavuta pumzi: fyuuu,
ndefu, kama mpiga mbizi aliyeibuka.
"Funga. Washa."
Ikawaka. Dakika nne. Ikafa.
"Fungua."
Fyuuu.

Ansima alikaa kimya kidogo, kasia mapajani.
"Mama yako alipofungua kopo la mafuta ya kupikia,
alilitoboa mara ngapi?"
"Mbili."
"Kwa nini?"
Kwa sababu tundu moja halimimini kitu, mke wangu.
Kwa sababu mafuta hayatoki mpaka hewa iingie.
Kwa sababu nina umri wa miaka arobaini na sita
na jambo hili nililijua nikiwa na sita.
Hayo yote sikuyasema. Nilisema: "Lete waya."

Ubavuni, chini ya ukingo, kulikuwa na kitundu
kidogo kama kifungo cha shati. Cha kupumulia tangi.
Nilinyoosha hanga ya koti, nikachokonoa.
Ukatoka udongo. Udongo mkavu, uliofinyangwa vizuri,
punje kwa punje, kazi ya fundi asiye na haraka;
kisha buibui wadogo waliokauka, akiba ya watoto wa nyigu;
kisha ubawa mmoja.
Mpangaji huyu hakuwahi kulipa kodi.

Dakika tano. Tisa. Boya likabaki nyuma,
mnara wa taa ukaja, maji yakapasuka meupe,
na mimi bado nahesabu kwa midomo,
mpaka Ansima akaniziba mdomo kwa kiganja
kinachonuka petroli.

Jioni nikampigia Bi Dolores, nikidhani namletea kichekesho.
Alisikiliza mpaka mwisho. Akakawia.
"Kumbe haikuwa injini," alisema.
"Ray alipigana nayo kiangazi chake chote cha mwisho.
Nilimsikia gereji usiku, akiitukana."

Sikuwa na la kumjibu.
Nikamwambia kabureta ilikuwa safi.
Safi kabisa, Bi Dolores. Nilipoifungua
nilikuta mtu ameshaisugua.