Jembe la Helka

Kemi, Januari. Jua limechungulia kwa saa tatu,
limeona hakuna kazi, limerudi kulala.
Meli ya kuvunja barafu imefungwa gatini
na Helka, fundi umeme wa zamu ya usiku,
ameketi juu ya sanduku la fyuzi
na konsoli ya mkononi, kuukuu,
ya mdogo wake Ilpo: kitufe cha B kilizama
siku ile ya sharubati, hakikuibuka tena.

Anataka kuitungia mchezo.
Meli moja, barafu, njia ya kupasua
kabla maji hayajaganda nyuma yako.
Basi. Nyuma ya risiti ya kahawa umekwisha.

Ila kwanza, chombo. Auandike kwa lugha gani?

Urho wa injini, vidole vyeusi kwa grisi:
Asembla. Ishike kila baiti kwa mkono wako,
kijue kichakataji kama unavyomjua mkweo.
Miezi sita utapata mraba mmoja kwenye kioo,
lakini utakuwa mraba wako.

Saimi wa jikoni, mwanafunzi wa masafa:
Lua. Andika leo, cheza leo.
Akaijaribu. Ikaenda, ikichechemea,
maana Lua haiji peke yake, huja na ukoo mzima,
na konsoli hii ni chumba kimoja, kitanda kimoja.

Akapakua kompaila ya C, kisha nyingine,
kisha toleo jipya la ile ya kwanza,
lisilopikika chungu kimoja na maktaba ya sauti.
Akachora jedwali: kasi, ukubwa, ubora wa maelezo,
na kama mwandishi wake bado yupo
(mmoja aliacha neno: nimepata mtoto, endeleeni bila mimi).
Jedwali likanenepa. Likatiwa rangi.
Wiki kumi na moja,
na meli haijasogea hata pikseli.

Mchagua jembe si mkulima, wahenga walinena,
ila wahenga hawakulima Kemi,
ambako udongo wenyewe umegoma;
na yule mchagua nazi aliyeambulia koroma
angalau alikuwa na mnazi.

Alhamisi, saa nane usiku, wito:
meli ya mbao imekwama maili kumi kusini.
Wakang'oa nanga. Taa zikaruka kwenye rafu.
Watu hudhani meli hii hukata barafu.
Haikati.
Hupanda juu yake, ikakaa,
na uzito humaliza maneno.

Helka alilijua hilo miaka tisa.
Usiku ule ndipo lilipomwingia.
Akafungua kompaila ya kwanza, lile toleo la zamani,
bila sauti, bila kuuliza mtu,
akakaa juu yake.

Mistari arobaini. Makosa matatu. Kisha moja. Kisha
nukta nyeusi juu ya weupe, ikitii kidole.

Alisahau kufuta kioo kabla ya kuchora upya,
kwa hiyo nukta kila ilipokwenda
iliacha mstari mweusi nyuma yake.

Urho akainama, akanusa kosa mara moja.
Hufuti picha ya zamani, akasema. Asembla ingekufundisha.

Helka hakujibu. Alikuwa akitazama
mstari ule mwembamba, mweusi,
ukipita katikati ya weupe wote,
huku ubavu wa meli ukigonga,
ukigonga,
na nyuma yao maji yakingoja.