Bila Lumbesa

Alfajiri, Pasua. Mlima umetoka,
nusu saa tu, kisha utajifunika.
Nafungua stoo: makasha arobaini na moja ya choronge,
mwamba umelala ndani pingili kwa pingili
kama miwa iliyokatwa ikangoja mteja.

Naulowesha kwa kitambaa, rangi inajitokeza:
ulanga unaometa, feldspa nyeupe kama mtindi,
na hapa, mita ya ishirini na sita,
fito za kijani hafifu za spodumini,
ndefu kuliko kidole changu cha kati.
Elirehema, fundi wa mtambo, alipoziona kule nyikani
alizima injini, akavua kofia.
Mimi niliandika: mita kumi na nne.
Sikuvua kitu.

Simu. Bwana Mrutu, kutoka Arusha.
"Injinia, nipe namba. Moja tu.
Jumatano nina wageni."

Namba moja!
Nina matundu matatu.
La kwanza lilicheka, kumi na nne.
La pili likatabasamu, tisa.
La tatu likanikunjia uso:
mita mbili, kwazi tupu, hata kijani cha kudanganyia hamna.

Mwamba huu haunyooki kama bomba la maji.
Unavimba, unabana,
ni chatu aliyemeza mbuzi,
nasi tumemdunga sindano tatu gizani
tunaulizana urefu wake.

Juu ya ardhi niliufuata kwa kamba,
mita mia tatu na arobaini,
kisha ukazama chini ya udongo mweusi
ukaniachia mbigili na kinyesi cha punda.
Umeishia pale? Au unatambaa mpaka korongoni?
Niliinama, nikagonga kwa nyundo.
Udongo haugongeki.

Basi napima ninachoweza.
Kipande hewani, kipande majini,
kinaning'inia kwa uzi wa cherehani
katika ndoo ya rangi niliyoisugua jana.
Mbili nukta saba.
Hii peke yake haijawahi kunibishia.

Mengine nazidisha, urefu kwa upana kwa kina,
na kila alama ya kuzidisha
inazidisha na ujinga wangu.
Nikiwa mchoyo: tani laki tatu na nusu.
Nikiwa na imani: milioni nne na ushei.
Kati ya hizo mbili
inapita treni ya Tanga, na mabehewa yake yote.

"Sema milioni tano," anasema Mrutu. "Namba ya kuzungumzia tu."

Baba yangu alilima maharage Rundugai.
Wanunuzi walikuja na gunia na wavu,
wakajaza gunia, wakashona wavu juu yake,
wakajaza tena mpaka likaota nundu,
kisha wakalipa gunia moja.
Baba alishika fedha, akatazama ile nundu
jinsi mtu anavyotazama mbuzi wake
akiondoka na mwingine.

"Bwana Mrutu," nikasema, "hiyo ni lumbesa.
Na ya baba angalau ilijaa maharage.
Hii yako itajaa hewa."

Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe Arusha.

Nimemchorea mchoro.
Penye choronge, mstari mzito.
Penye dhana, vidoti.
Vidoti vimekuwa vingi, vinavuka karatasi
kama sisimizi waliosikia habari ya sukari.
Mwishoni nimeweka alama ya kuulizia,
nikaikoleza wino, isije ikafutika njiani.

Nje, Aikande ameteremsha chupa za uji.
Mlima haupo tena, yaani upo,
ila leo ukimuuliza mgeni ni mkubwa kiasi gani
atakuonyesha wingu.

Simu tena.
"Injinia. Hilo tundu la nne,
lingegharimu kiasi gani?"

Nikavuta kiti.
Swali la kwanza la maana tangu Jumatatu.
Nikamtajia.
Akaguna.
Hakukata.